Mateka, wafungwa au wakimbizi: Wapolandi wa Tengeru waitwe nani?

SWALI: Mimi huongoza wageni katika maeneo ya Tengeru na Ziwa Duluti, karibu na Arusha. Katika karatasi ya maelezo niliyoandaa kuhusu makaburi ya Wapolandi nimeandika "kambi ya wafungwa wa vita wa Kipolandi". Mwenzangu anashikilia kwamba neno sahihi ni "mateka", wala si "wafungwa". Tafadhali tuamulie. Msomaji, Usa River.

JIBU: Ndugu msomaji, sina budi kuwavunja moyo nyote wawili, kwa kuwa Wapolandi wa Tengeru hawakuwa wafungwa wa vita wala mateka, bali wakimbizi. Hata hivyo ubishi wenu una msingi, na ningependa kuumaliza kwanza kabla ya kurudi Tengeru.

"Mateka" limetokana na kitenzi "kuteka", kwa maana ya kutwaa kwa nguvu vitani, kama jeshi linavyouteka mji. Kamusi za zamani zililihesabu pia kuwa jina la mali iliyotwaliwa, yaani nyara, lakini leo limebaki kwa watu. Halibadiliki katika umoja wala wingi: mateka mmoja alitoroka, mateka watatu walitoroka. Nimewahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi aliandika "mteka mmoja", akidhani ameupata umoja wake, kumbe mteka ni yule anayeteka, kama mteka maji kisimani. Wala si lazima mateka awe ameshikwa kwa mabavu. Amedeo wa Aosta, mwakilishi wa mfalme wa Italia huko Ethiopia, alisalimu amri Amba Alagi mwezi Mei 1941, akaletwa Kenya, akafariki Nairobi Machi 1942 akiwa bado mikononi mwa Waingereza. Hakuna aliyemkaba shingo, lakini alikuwa mateka wa vita sawasawa na askari wake waliojaa katika kambi za Nanyuki, Gilgil na kwingineko.

"Mfungwa" nalo, katika matumizi ya kawaida ya Tanzania, ni mtu aliyehukumiwa na mahakama na anayetumikia kifungo. Kabla ya hukumu huitwa mahabusu. Hapa ndipo mwenzako anapokuzidi kidogo. Mkataba wa Geneva wa 1929 haukumchukulia askari aliyetekwa kuwa mhalifu. Anazuiwa ili asirudi kupigana, si kwa sababu amekosa. Mfano ulio bora kuliko wote, hasa kwetu tunaoamka kila siku na mlima mbele ya macho, ni ule wa Wataliano watatu waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 ili wakaupande Mlima Kenya. Wawili kati yao, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, walifika kilele cha Lenana wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Waliadhibiwa kufungwa peke yao siku 28, ambazo mkuu wa kambi alizipunguza hadi 7. Kwa miaka yote ya kambini walikuwa mateka. Kwa siku zile 7 walikuwa wafungwa pia. Lugha inayoweza kutenganisha hali hizo mbili haifai kunyimwa nafasi ya kufanya hivyo.

Je, "mfungwa wa vita" ni kosa? Hapana. Limezoeleka kiasi kwamba kulifuta ni kazi bure, na kila msomaji hulielewa. Mimi binafsi huandika "mateka wa vita", na sithubutu kuacha hayo maneno mawili ya mwisho, kwa sababu mateka asiyefafanuliwa, katika taarifa za habari za siku hizi, ni raia aliyetekwa na watu wenye silaha wanaodai fidia.

Kuna kundi la tatu ambalo waongoza wageni wa upande huu hukutana nalo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani waliokuwa wakiishi Tanganyika, wengi wao wakiwa wenye mashamba. Hawa hawakutekwa vitani na hawakushtakiwa. Waliwekwa kizuizini, na Kiswahili hakina jina fupi la kumwita mtu wa namna hiyo, kwa hiyo ni lazima kusema "waliowekwa kizuizini" hata kama sentensi inarefuka.

Sasa Tengeru. Umoja wa Kisovieti ulipoivamia Polandi ya mashariki Septemba 1939, uliwahamisha kwa nguvu maelfu mengi ya raia, familia nzima nzima, hadi Siberia na Kazakhstan, ambako walifanyishwa kazi ngumu. Mwaka 1941, baada ya Ujerumani kuwageukia Wasovieti, walitangaziwa "msamaha", neno ambalo nalo lina kasoro, maana husamehewa aliyekosa, na watu hawa hawakuwa na kosa. Mwaka 1942 wengi walivuka kwenda Iran, na kutoka huko baadhi yao wakasafirishwa hadi Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea kiasi cha watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakaishi katika nyumba za msonge, wakiwa na shule, kanisa na hospitali yao. Nahisi kosa lako limezaliwa hapo: mgeni husimuliwa habari za Siberia, akasikia kwamba watu hawa walifungwa, kisha kifungo cha kule kikahamia Tengeru pamoja nao. Kule walikuwa watu waliopelekwa uhamishoni. Huku walikuwa wakimbizi. Neno hilo hakuna anayehitaji kufafanuliwa, hasa aliyewahi kusikia habari za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma.

Nikuonye pia kuhusu kiunganifu "wa", kwa kuwa ulikitumia vizuri bila shaka pasipo kukusudia. "Mateka wa Kiitaliano" ni Wataliano waliotekwa, ilhali "mateka wa Wataliano" ni watu walioshikwa na Wataliano. Tofauti hiyo ndogo hupindua historia. Katika Vita vya Kwanza, Wajerumani waliwashikilia Waingereza na Wabelgiji kule Tabora mpaka majeshi ya Ubelgiji yalipouteka mji huo Septemba 1916. Hao walikuwa mateka wa Wajerumani. Ukiandika "mateka wa Kijerumani wa Tabora", umewatia kambini walinzi wenyewe. Neno "kambi" halina taabu hiyo: andika "kambi hii, kambi hizi", na "makambi" uwaachie Wasabato, ambao kwao ni mkutano wa kila mwaka wenye maana yake maalumu.

Karatasi yako isomeke hivi: "Makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliopokelewa Tengeru kuanzia mwaka 1942." Na mgeni akikuuliza kama walikuwa wafungwa, mjibu kwamba kule Siberia na Kazakhstan walikuwa uhamishoni, na hapa walikuwa wakimbizi.