Majibu ya homa ya ini B yakikuacha njia panda

Mdogo wangu wa Uyole, hapa Mbeya, alitaka kuchanjwa homa ya ini B, akapimwa kwanza. Kipimo cha haraka kikasema hana. Maabara nyingine ikapima vitu vitatu, kimoja kikawa chanya, na aliyemkabidhi karatasi akamwambia kwa kifupi, "Una virusi." Jioni ile mama alishamtengea kikombe na sahani. Iliniuma sana, maana kirusi hiki hakiambukizwi kwa kula pamoja, na karatasi yenyewe haikusema kwamba ana virusi.

Ndugu zangu, kabla ya kulia, tazama ni mstari upi ulio chanya. HBsAg ni ganda la kirusi: likionekana, kirusi kimo mwilini, na likidumu zaidi ya miezi 6 ugonjwa ni sugu. Anti-HBs ni kinga, na kuanzia 10 (kwa kipimo cha mIU/mL) huhesabiwa inatosha. Anti-HBc huonyesha kwamba kirusi chenyewe kiliwahi kuingia. Chanjo haiwezi kuileta.

Mdogo wangu alikuwa na hii ya mwisho peke yake. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, na si ajabu, kwa sababu jibu hilo lina maana zaidi ya moja. Huenda uliugua zamani, pengine utotoni, ukapona na kinga ikashuka. Huenda kipimo kimekosea. Huenda ganda limeshatoweka na kinga bado haijajitokeza. Mara chache, kirusi kimejificha kwa kiwango kidogo mno. Karatasi moja haiwezi kutenganisha hayo. Daktari alirudia vipimo, akaongeza anti-HBc ya IgM, inayoonyesha maambukizi mapya, na kipimo cha wingi wa virusi. Vyote havikuonyesha kitu. Akamwambia achanjwe, na siku akiandikiwa dawa za saratani au za kushusha kinga, ataje jibu hili, maana kirusi kilicholala huweza kuamka.

Kipimo cha haraka kwa kawaida hutafuta HBsAg tu. Kama uliambukizwa wiki iliyopita, bado kitasema huna, rudia baadaye. Na kama umechanjwa juzi, HBsAg inaweza kuonekana kwa muda kutokana na chanjo yenyewe, kwa hiyo subiri angalau mwezi.

Wanaokuuzia mizizi ya kusafisha ini waache, nyingine huliumiza ini lenyewe. Mpelekee daktari karatasi yenyewe, yenye tarehe na namba zote, usimsimulie tu ulichoambiwa dirishani.