Pima Mwenyewe: Ushauri kwa Anayeanza Kukuza Seli Maabara

Wadogo zangu wanaomaliza shahada za maabara na baiolojia huniuliza wasome kozi gani ili waweze kukuza seli, vimelea au viinitete (mimba changa kabisa) nje ya mwili. Kozi zipo, zisomeni. Ila kinachomtofautisha anayeimudu kazi hii na anayehangaika nayo miaka nenda miaka rudi ni tabia moja tu: haamini namba ambayo hakuipima mwenyewe. Iwe namba ya kwenye kioo cha inkubeta (kabati la joto la kulelea seli), namba ya kwenye itifaki (maelekezo ya kazi) aliyoipakua usiku, jina lililoandikwa kwenye kichupa cha seli, au hesabu ya mwenzake wa zamu ya asubuhi. Nilianzia Pwani na vimelea vya malaria, nikahamia Nairobi kwenye seli za binadamu, na sasa niko maabara ya uzazi. Vifaa vimebadilika, mishahara imebadilika kidogo, tabia hiyo sijaiacha.

Nianze na hewa, maana ndiyo inayosahaulika kuliko yote.

Seli nyingi tunazikuza kwenye nyuzi 37, ndani ya maji ya lishe tunayoyaita midia, kwenye inkubeta yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Gesi ile haikuwekwa ili seli ziivute. Inashirikiana na bikaboneti iliyomo kwenye midia ili pH, yaani kipimo cha uasidi, itulie mahali pake, ambapo kwa viinitete ni kati ya 7.2 na 7.4 hivi. Sasa hiyo asilimia 5 huandikwa kwenye itifaki kana kwamba dunia nzima inaishi ufukweni. Gesi inayoyeyuka kwenye midia haifuati asilimia, inafuata mgandamizo wake. Dar es Salaam, Mombasa au Kilifi, hewa inagandamiza kwa takriban milimita 760 za zebaki, na asilimia 5 yake ni 38. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa inagandamiza kwa kama 620 tu, na asilimia 5 yake ni 31. Kwa hiyo mashine mbili zinaweza kuonyesha 5, zote zikasema kweli, na bado seli za Nairobi zikawa zimepunjwa karibu sehemu moja kati ya tano ya gesi yao. Midia inapungukiwa na asidi na pH inapanda kwa karibu 0.1. Ukitaka kuifikia ile 38, weka kama asilimia 6, kisha upime uone umefika wapi.

Utaniambia 0.1 ni kitu gani. Kwa seli sugu za saratani, pengine si kitu. Lakini yai lililokwisha kuvuliwa seli zinazolizunguka lina uwezo mdogo sana wa kujirekebishia pH ya ndani, na kiinitete kichanga nacho hakijakomaa katika hilo. Usitegemee rangi ya midia ikuonye. Ndiyo, ile rangi nyekundu hugeuka njano asidi ikizidi na kuwa ya waridi iliyokolea asidi ikipungua, ila jicho la binadamu halitambui tofauti ya 0.1. Ninachofanya ni kuweka midia kidogo kwenye sahani, naiacha ndani ya inkubeta usiku kucha, asubuhi naichukua haraka na kuipitisha kwenye mashine ya kupimia gesi za damu, ileile inayotumika kwa wagonjwa mahututi. Haraka, kwa sababu gesi hutoroka ndani ya dakika chache na kipimo kikaharibika. Kama maabara yenu haina mashine hiyo, hospitali ya jirani huenda inayo, na wauguzi wa wodi ile ni watu wema ukiwafuata kwa heshima na usiwafuate saa ya kubadilishana zamu.

Tazama pia midia yenyewe. RPMI 1640 ya kawaida ina gramu 2 za sodiamu bikaboneti kwa lita na inaelewana na asilimia 5 ya gesi. DMEM ya kawaida ina gramu 3.7, ilitengenezwa kwa asilimia 10. Watu wanaiweka kwenye 5 kila siku na seli zinakua, sikatai, ila wajue pH yao iko juu ya ile waliyoiandika kwenye tasnifu.

Joto halina hadithi ndefu. Nunua kipimajoto kingine, kitumbukize kwenye chupa ya maji ndani ya inkubeta, soma rafu ya juu na ya chini. Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia kama seli ziko salama. Unafungulia joto na gesi vitoke. Betri za akiba na jenereta vijaribiwe siku ambayo umeme upo, na fundi awe pale pale.

Kuna jambo la harufu ambalo wenzetu wa Pwani hulipokea kwa uzito. Kwenye maabara ya viinitete hatujipaki marashi, hatuvai nguo iliyofukizwa udi, na sakafu haipigwi dawa yenye manukato. Kichujio cha hewa kinachonasa vumbi na bakteria hakizuii mvuke wa kemikali. Huo unahitaji kichujio cha kaboni, na hata hicho hujaa kikachoka. Mafuta tunayofunika juu ya matone ya midia hunyonya mvuke huo vizuri sana, na kiinitete kiko chini yake. Mweleze dada wa usafi kwa nini, usimpe amri tu. Tunaye mmoja ambaye siku hizi ndiye anayenirudisha mlangoni nikimleta mgeni anayenukia.

Sasa jina la kwenye kichupa. Seli za HeLa zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951, na zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Zinakua kwa kasi kiasi kwamba tone moja likiruka kwenye chupa ya jirani, baada ya wiki kadhaa chupa nzima ni HeLa. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kuwa aina 18 za seli ambazo watu walidhani ni tofauti zilibeba alama ileile ya kinasaba ya HeLa. Watu walikuwa wameshachapisha. Hadi leo hutokea, kwa hiyo seli ulizopewa na rafiki wa maabara nyingine zipeleke zikapimwe vinasaba kabla hujazijengea mradi. Na usiwahi kufungua aina mbili za seli kwenye kabati la kufanyia kazi kwa wakati mmoja, hata kama una haraka ya basi.

Maikoplazma ni adui mwingine wa aina hiyo. Bakteria wa kawaida wakiingia, midia inachafuka na unaona. Huyu haonekani: midia inabaki safi, seli zinaendelea kukua ila kivivu, na matokeo yako yanapinda kidogo kidogo. Hana ukuta wa seli, hivyo penisilini haimgusi, na anapenya kwenye vichujio vya mikroni 0.22 tunavyoviamini. Mara nyingi anatoka kinywani mwetu wenyewe. Usipige soga juu ya sahani iliyo wazi. Pima kwa PCR, kipimo kinachonasa vinasaba vyake, kila baada ya muda, na kila seli mpya ikae pembeni mpaka majibu yatoke.

Kuhusu kugandisha seli kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, vitabu vinaeleza vizuri: poza taratibu, nyuzi moja kwa dakika, na ukiyeyusha yeyusha upesi. Kisichoelezwa ni kwamba seli nyingi hupotea kwa kukosa daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tangi, rafu, sanduku, nafasi, tarehe, na umehamisha seli kutoka chupa hadi chupa mara ngapi tangu uzipate.

Nifike kwenye kuhesabu, ambako maabara ya uzazi inagusa nyumba za watu moja kwa moja. Mwanamume analeta shahawa, tunahesabu mbegu, na karatasi tunayompa huenda ikaamua ndoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye milioni 16 kwa mililita. Mpaka huo si ukuta kati ya anayezaa na asiyezaa, lakini hivyo ndivyo unavyosomwa. Fikiria basi mhesabuji aliyechoka, anahesabu mbegu 25 kwenye kioo cha Neubauer, chenye miraba ya kuhesabia, anazidisha na kuandika. Kwa bahati nasibu tu, hesabu ya 25 hucheza kwa kiasi cha 5 juu au chini, yaani asilimia 20. Mililita zilezile za shahawa zingeweza kuandikwa milioni 13 au milioni 19. Ukihesabu 200 kwenye sampuli moja na 200 kwenye ya pili, kama mwongozo unavyotaka, jumla 400 hucheza kwa 20, asilimia 5. Tena zile hesabu mbili zikitofautiana kupita kiasi unajua hukuchanganya vizuri, unarudia. Inachosha mgongo na macho. Fanya.

Kabla ya kuhesabu, subiri shahawa iyeyuke, kwa kawaida ndani ya nusu saa, na uangalie mwendo wa mbegu kabla saa nzima haijapita, kwenye kioo chenye joto la nyuzi 37. Muulize mhusika amekaa siku ngapi bila kutoa. Tunataka kati ya 2 na 7. Muulize kama sampuli imekuja yote, kwani aliyemwaga sehemu ya kwanza amemwaga penye mbegu nyingi. Na muulize kama aliugua homa kali miezi miwili mitatu iliyopita. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, hivyo malaria ya Mei inaweza kujionyesha kwenye kipimo cha Julai. Wewe kaka unayesoma hapa ukiwa na karatasi mkononi: kipimo kimoja hakitoshi. Rudia, na wala usimwonyeshe mtu karatasi hiyo kabla hujazungumza na daktari.

Niliwataja vimelea vya malaria, nisiwaache. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walifanikiwa kuwakuza Plasmodium falciparum mfululizo ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu, kwa njia ambayo maabara yoyote yetu inaiweza: sahani ndani ya mtungi, mshumaa unawashwa, mfuniko unafungwa, mshumaa unazimika ukiwa umepunguza oksijeni na kuongeza kaboni dioksidi. Vimelea wanapenda hivyo. Ninachomwonya anayeanza ni kwamba mzunguko wao ni wa saa 48 na midia hubadilishwa kila siku, Idi au Krismasi. Pangeni zamu mapema na kwa haki, la sivyo asiye na familia mjini ndiye atakayekula sikukuu zote maabara.

Na mjue mnakuza nini. Kimelea maarufu cha 3D7 kilitokana na mgonjwa wa Uholanzi, kimeishi kwenye chupa miongo kadhaa, na humo kimepoteza baadhi ya tabia za kimelea cha mgonjwa wa leo. Dawa ikikiua 3D7, bado hujasema lolote kuhusu vimelea wa Rwanda, kaskazini mwa Uganda au Kagera wenye mabadiliko ya jeni ya K13 yanayopunguza makali ya artemisinini, dawa ya malaria.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanaponiletea majani. Mti fulani wa bibi umeua vimelea au seli za saratani kwenye sahani, na wanataka kwenda redioni. Maswali yangu ni yaleyale. Kipimo hichohicho kilifanya nini kwa seli nzima zisizo na ugonjwa? Kiyeyushi peke yake, bila mmea, kilifanya nini? Kiasi kilichotumika kinaweza kufika kwenye damu ya mtu, au angelazimika kula gunia? Mwaka 2020 klorokwini ilizuia virusi vya korona kwenye seli za Vero, ambazo ni za figo ya tumbili. Ilipojaribiwa kwenye seli za mapafu ya binadamu haikuzuia kitu, kwa kuwa huko virusi huingia kwa njia nyingine isiyohitaji uchachu wa ndani ya seli, ambao ndio dawa inaupunguza. Majaribio makubwa ya Uingereza kwa wagonjwa waliolazwa yakaonyesha kuwa ndugu yake, haidroksiklorokwini, haikupunguza vifo. Matokeo ya Vero yalikuwa ya kweli kabisa, ila yalikuwa matokeo ya figo ya tumbili.

Kwa hiyo ukifika kwenye sura ya mbinu, taja aina ya seli na lini zilipimwa vinasaba, zimehamishwa mara ngapi, kipimo cha mwisho cha maikoplazma, midia na bikaboneti yake, seramu (majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye midia) ya kundi gani la utengenezaji, asilimia ya gesi, pH uliyoipima, na maabara iko mita ngapi juu ya bahari. Msimamizi akikwambia hilo la mwisho halihitajiki, mwonyeshe hesabu ya 38 na 31.