Ufunguo uko wapi umeme ukikatika?

Wapendwa wasomaji, barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nyumba ijiandae vipi kabla umeme, maji au barabara havijakatika? Nimekuwa muuguzi wa wodi ya dharura kwa miaka mingi, na majibu yangu yanatoka huko. Barua ya pili naomba isomwe kwa sauti, kila aliye nyumbani asikie.

Shikamoo Shangazi. Nikiuliza kuhusu maandalizi ya dharura napewa orodha ya kununua: redio, taa za sola, begi maalumu. Tuko watu watano na kipato ni kidogo. Nianzie wapi? – Mama wa watatu

Marahaba mwanangu. Anza na maji, hiyo orodha iweke kando kwanza. Mwili huvumilia njaa kwa siku kadhaa, lakini kiu haiusubiri, na watoto ndio wa kwanza kulegea. Hesabu inayotumika ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa. Watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Pengine unayo tayari.

Kinachotaka uangalifu ni dumu lenyewe. Lisiwe limewahi kubeba mafuta ya taa, sumu ya wadudu wala kemikali yoyote, maana plastiki huvinywa na hata ukisugua vipi haviishi. Liwe na mdomo mwembamba na kifuniko kinachokaza. Ndoo ya mdomo mpana inakaribisha mikono na vikombe, na maji yaliyokuwa salama asubuhi jioni yameshachafuka. Weka madumu kivulini, mbali na petroli na dawa za usafi. Kila wiki tumia dumu moja kwa kazi za kawaida, lijaze upya, lirudi nyuma ya mengine. Hapo akiba yako haizeeki.

Maji unayoyatilia shaka yachemshe. Yakishatokota kwa nguvu yaache hivyo dakika moja nzima, au tatu kama mnaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Moto ukikosekana, tumia klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa kila lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kisha weka matone 4. Maji yaliyoingiwa na mafuta au kemikali yamwage, kwa sababu kuchemsha hakuyaponyi. Redio na taa vitafuata kimoja kimoja, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Shangazi, umeme ukikatika siku za baridi tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Tunasubiri mkaa uwake wote, moshi uishe, na juu yake tunaweka sufuria ya maji ili inyonye hewa mbaya. Jirani anasema bado ni hatari. Nani mkweli? – Baba Mdogo

Jirani ni mkweli, na nakuomba usiliingize tena jiko hilo ndani, hata usiku wa leo.

Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unaouona ni kitu kingine, kwa hiyo moshi kuisha hakukuhakikishii lolote. Mkaa uliokolea wekundu bila moshi bado unaitoa kwa wingi. Sufuria ya maji haisaidii kitu, kwa kuwa gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Hata dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kumlinda mtu aliyelala.

Gesi hiyo ikiingia kwenye damu hushika mahali pa oksijeni, na hushikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, huku ubongo na moyo vinakosa hewa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Anayejisikia hivyo hudhani ni uchovu au homa, basi hulala, na usingizi huo ndio unaoua.

Wodini, mgonjwa akiletwa usiku na kichwa kinachouma na kutapika, swali letu la kwanza lilikuwa: nyumbani nani mwingine anaumwa kichwa? Ugonjwa wa kawaida mara chache huwashika watu wote wa nyumba moja kwa saa moja. Likiwapata ninyi, tokeni nje wote, muitane majina, kisha muende hospitali hata kama kichwa kimetulia mkishapata hewa. Mwambieni daktari kwamba kulikuwa na moto wa mkaa ndani. Neno hilo moja linamwokolea muda mwingi.

Jenereta nayo ni hivyo hivyo: ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, moshi wake uelekee mbali na nyumba. Kibarazani siyo nje, wala gereji yenye mlango wazi siyo nje. Kwa baridi, vaeni nguo juu ya nguo na mlale chumba kimoja mkiwa mmejifunika. Mkiweza kununua king'ora cha kugundua gesi hii, mimi ningekitanguliza kabla ya jenereta yenyewe.

Shikamoo Shangazi. Mama yangu anatumia insulini. Umeme ukikatika siku nzima nifanye nini na dawa zilizo kwenye friji? – Binti yake

Marahaba. Kwanza usifungue friji kila mara kuangalia. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Kila ukifungua unapunguza muda huo.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Aliyoanza kuitumia, kwa aina nyingi, huvumilia chumba kisichozidi nyuzi 30 kwa wiki nne hivi, lakini soma karatasi ya dawa yake mwenyewe kwa sababu aina hutofautiana. Usiigusishe na barafu moja kwa moja, ifunge kwanza kwenye kitambaa. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mahali penye hewa kavu, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, hupunguza joto vizuri. Dawa iwe ndani ya mfuko usioingiza maji.

Andika majina ya dawa zake zote na vipimo kwenye karatasi, nakala moja ikae kwenye mkoba wake. Na asisubiri chupa ya mwisho ndipo aende kuchukua nyingine.

Shangazi, tunapanga ghorofa ya nne. Madirisha yana nondo, mlango una geti la chuma lenye kufuli, na ufunguo mume wangu hulala nao chini ya mto. Nikimwambia kuhusu moto anasema wezi ndio wengi. – Mpangaji mwenye wasiwasi

Wasiwasi wako una haki, mwanangu. Mume wako naye hajakosea kuogopa wezi, kwa hiyo usishindane naye. Mwombe jambo dogo: usiku mmoja mzime taa zote, kila mtu akiwa kitandani kwake, kisha mtoto mkubwa ajaribu kufungua geti peke yake. Mkiona anavyopapasa, mazungumzo yatabadilika.

Ufunguo wa pili utundikwe ndani karibu na mlango, kwenye msumari mmoja usiobadilika, mahali ambapo mtoto anafika lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Kufuli lipakwe mafuta lisikwame. Tochi ikae hapo hapo. Msitumie mishumaa, kwa sababu umeme ukikatika mishumaa ndiyo huanzisha moto wenyewe.

Wafundishe watoto kutambaa, kwa kuwa moshi hupanda juu na hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Mlango uliofungwa uguswe kwanza kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto usifunguliwe. Lifti isitumike. Kubalianeni mahali pa kukutana nje, na kila mtoto ashike kichwani namba moja ya simu. Mafuta yakiwaka jikoni, zima jiko na ufunike sufuria. Usimwage maji kamwe, yataurusha moto mpaka usoni. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzimia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni ikisubiri cheche. Funga koki ya mtungi kama unaifikia, fungua milango, tokeni, na simu mpigie mkiwa nje.

Mume wako akiendelea kusita, msomee jibu hili mkiwa wawili, si mbele ya watoto. Mwambie ufunguo wake abaki nao chini ya mto kama kawaida. Unachoomba ni wa pili tu.