Kabla Hujahesabu Matabaka, Uliza Maji Yanatoka Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi alinitumia picha ya vijiti vyeupe vya chokaa vinavyoning'inia chini ya zege la jengo la zamani, akauliza kama vinaweza kumwonyesha mvua za miaka iliyopita. Swali lake lilinitonesha kidonda.

Miaka mitatu nyuma, mjini Mtwara, nilibandua gamba la chokaa lililotambaa ukutani chini ya baraza moja, nikalipiga msasa, nikahesabu matabaka 31. Kwa kuwa huku kwetu masika ni moja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, niliamini kila tabaka ni mwaka, na lililonenepa kuliko yote nikalipa jina la mvua za El Nino za 1997 na 1998. Niliyasema hayo mbele ya watu kwa sauti ya mwalimu (sauti ambayo, nakiri, ninayo hata sasa). Ndipo fundi bomba mmoja mzee akanyanyuka, akasema kwamba juu ya baraza lile kuna tangi alilolifunga mwenyewe, nalo humwagika kila maji ya mgao yanaporudi. Watu walicheka sana. Kumbe nilikuwa nimesoma historia ya mgao wa maji.

Maji yanayopenya kwenye zege huyeyusha chokaa ya saruji, na yakitokeza nje hunyonya hewa ukaa, chokaa ikaganda. Kwa njia hiyo kijiti cha zege chaweza kurefuka hadi milimita 2 kwa siku, ilhali katika mapango ya mawe ya chokaa, kama yale ya milima ya Matumbi, ambako maji hupoteza hewa ukaa badala ya kuinyonya, kwa kawaida milimita moja haitimii kwa mwaka. Urefu, basi, si umri.

Ndugu zangu tunaotaka kuzisoma mvua za zamani, tuache haraka. Uliza maji yanatoka wapi. Muulize fundi, si mwenye nyumba. Kisha uliza tena maji yanatoka wapi. Tafuta zege lisilo na bomba wala tangi, linyeshewalo mvua tu.

Mimi nimepata ukuta wa namna hiyo Mikindani, na kila masika inapokwisha naweka alama ya penseli na tarehe. Alama ya mwaka huu haina tabaka jipya, ingawa mvua ilinyesha: chokaa imeuziba ufa wenyewe.