Valvu ya moyo ikivuja: dalili tunazozipuuza na maswali ya kumuuliza daktari

Kama nyumbani una kijana wa miaka ishirini na kitu, akipanda ngazi za gorofa moja lazima asimame katikati avute pumzi, tafadhali usimwambie ni mvivu wala hana mazoezi. Mdogo wangu wa kike aliambiwa hivyo na kila mtu, halafu akaambiwa ana pumu, akapimwa TB hana, akapewa dawa za kuongeza damu, na muda wote huo usiku analala ameegemea mito mitatu manake akilala chali anahisi kama anazama. Mapigo yanamwenda mbio bila sababu, kikohozi cha usiku, jioni viatu vinambana coz miguu imevimba. Hizo dalili zikikusanyika kwa mtu mmoja omba moyo usikilizwe na omba kipimo cha eko, ni kama ultrasaundi ya mjamzito tu, haiumi wala huchomwi kitu, na ndicho kinachoonyesha valvu gani inavuja na kwa kiasi gani.

Moyo una valvu nne, milango ya kupitisha damu upande mmoja tu. Mlango usipofunga vizuri damu inarudi nyuma, moyo unafanya kazi mara mbili mpaka unatanuka, na maji yanajaa kwenye mapafu. Kwa wazee inaweza kuwa umri au presha ya muda mrefu, ila kwa vijana wetu huku Afrika Mashariki chanzo kikubwa ni koo. Ndiyo, koo! Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo la bakteria, halitibiwi vizuri, wiki mbili tatu baadaye inakuja homa ya baridi yabisi, leo goti limevimba kesho kiwiko, inaisha na watu wanasahau, kumbe valvu zimeachiwa makovu. Ikijirudia makovu yanazidi. Wanawake wengi wanakuja kugundulika wakiwa na mimba, manake mwili unaongeza damu karibu nusu ya ile ya kawaida na moyo uliokuwa unajikongoja unashindwa.

Ndo maana mgonjwa akipangiwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, ili homa hiyo isijirudie, asiikimbie. Inauma, sikatai, lakini muulize mhudumu kama anaweza kuichanganya na dawa ya ganzi, inasaidia sana. Kaskazini mwa Uganda waliwafuatilia watoto 818 ambao eko ilionyesha tatizo likiwa bado changa, matokeo yakatoka 2021, waliochomwa sindano baada ya miaka miwili chini ya 1 kati ya 100 ndo tatizo lilizidi, wasiochomwa ni kama 8. Ila kama valvu zimeharibika sana na moyo umeshachoka, siku hizi madaktari wengine wanaona vidonge ni salama kuliko sindano, kwahiyo uliza, usijiamulie. Na zile dawa za kukojoza kama Lasix zinapunguza maji tu, valvu haiponi, usiache kisa miguu imerudi saizi yake.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Ilipofika swala la upasuaji tulienda kliniki na shangazi, na kila daktari akimuuliza mdogo wangu kitu shangazi anajibu. Nashukuru yule daktari alikuwa na busara, akamwambia mama naomba mgonjwa mwenyewe aongee kwanza, halafu akaanza kumuuliza vitu ambavyo hatukutegemea: unakaa wapi, unafanya kazi gani, una watoto wangapi, unataka wengine? Maswali yale ndo yanaamua valvu! Kama inarekebishika inarekebishwa, hiyo ndo nzuri zaidi, lakini iliyoliwa na baridi yabisi mara nyingi hairekebishiki, unabadilishiwa. Ya chuma inadumu sana ila unakunywa wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yote na kupima INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) mara kwa mara, na wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa miezi mitatu ya mwanzo. Ya mnyama haihitaji wafarini ya maisha lakini inachakaa, na kwa kijana inachakaa haraka, kwahiyo jiandae kupasuliwa tena huko mbele.

Mdogo wangu anaishi kijijini, kupima INR ni safari, na anataka mtoto wa pili. Akachagua ya mnyama akijua kabisa atarudi tena mezani. Mimi ningechagua ya chuma, shangazi pia alinuna wiki nzima, lakini kifua si chetu. Kwahiyo ukimsindikiza mgonjwa msaidie kuandika maswali yake nyumbani, ombeni nakala ya ripoti ya eko mkae nayo, na akiulizwa yeye we nyamaza.

Kwa wenye ya chuma: daftari la INR lisikae mbali, uliza namba yako ni ngapi (kwa valvu ya chuma ya mitrali, ule mlango wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini cha moyo, mara nyingi wanalenga 2.5 hadi 3.5). Mchicha na kisamvu usiache, kula kiasi kilekile kila wiki, kinachovuruga INR ni leo sahani kubwa halafu mwezi mzima hakuna. Diklofenaki za kununua dukani acha, miti shamba pia, na usikubali mtu akubadilishie wafarini kwa hizi dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kwa valvu ya chuma hazifai.

Meno nayo. Mwenye valvu bandia akienda kung'oa jino amwambie daktari wa meno kabla, atapewa antibayotiki kwanza, manake bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu. Na akipata homa isiyoeleweka, malaria hakuna, siku zinaenda tu, asikimbilie amoksilini ya duka la dawa. Aende hospitali aseme nina tatizo la valvu, naomba damu ioteshwe (maabara waitafutie bakteria) kabla sijaanza antibayotiki yoyote, manake ukishaanza kunywa yule mdudu anaweza asionekane kwenye kipimo.