Maswali ya Wasomaji: Ukurasa wa diski unaowatisha wageni

Swali: Ninafundisha kompyuta katika sekondari moja wilayani Kongwa. Laptopu zetu ni za zamani, Windows 11 haizikubali, na Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida Oktoba 14, 2025. Tumeandaa flashi ya Linux (mfumo wa kompyuta unaoweza kuwekwa badala ya Windows) yenye Calamares, programu ya kuusakinisha, ili wanafunzi wapige mfumo wenyewe. Wengi wanakwama kwenye ukurasa wa diski, na wapo wanaobonyeza “Mbele” tu mpaka kazi za wenzao zinafutika. Tukirekebishe vipi?

Jibu: Mwalimu, kosa si la wanafunzi. Ukurasa ule unawauliza kuhusu /dev/sda, jina ambalo Linux huipa diski na ambalo halikuandikwa popote kwenye laptopu. Halafu diski iliyouzwa kama ya GB 500 inaonekana pale kama 465.76 GiB, maana kisakinishi kinahesabu kwa 1,024 na kiwanda kilihesabu kwa 1,000. Mtoto anadhani anaangalia diski nyingine, anachagua kwa kubahatisha.

Anzeni na faili la partition.conf, lililo ndani ya /etc/calamares/modules. Mstari wa initialPartitioningChoice uwe “none”. Ukiwa “erase”, ukurasa unafunguka huku kufuta diski kumeshachaguliwa, na anayebonyeza bila kusoma anapita moja kwa moja. Ukiwa “none”, kitufe cha kuendelea hakifanyi kazi mpaka mwanafunzi achague mwenyewe. Ukurasa wa muhtasari nao msiuondoe kwenye settings.conf hata kama unaonekana kurefusha safari. Ni mahali pa mwisho pa kurudi nyuma kabla diski haijaguswa.

Nendeni kisha kwenye welcome.conf. Kuna orodha mbili: “check” ni vitu vinavyokaguliwa, “required” ni vile ambavyo vikikosekana safari inaishia hapo. Intaneti itoeni kwenye “required”, la sivyo shule itamaliza bando kwa kazi ambayo flashi inaiweza peke yake. Umeme (power) uwekeni kwenye “check”, ili mwanafunzi aonywe kama laptopu haijachomekwa. Tusingeuweka kwenye “required”, kwa sababu laptopu yenye betri nzima inaweza kumaliza kazi umeme ukiwa umekatika. Kwa betri iliyochoka ni hatari kweli: patisheni (sehemu ya diski) ikipunguzwa, data huhamishwa, na mashine ikizimika katikati faili zinaweza kuharibika zote. Wekeni kanuni ya darasa kwamba laptopu isiyokaa dakika 30 bila chaja haipunguzwi patisheni. Kama laptopu zina RAM ya GB 2, kwenye requiredRam andikeni 1.7, maana kadi ya picha ya ndani humega kiasi, na mkiandika 2 mashine iliyo sawa itakataliwa bure.

Sasa maneno. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo mnapoweza kuwasaidia watu wengi nje ya Kongwa, kwa kuwa tafsiri za Calamares hufanywa na watu wa kujitolea kupitia Transifex, tovuti ya kutafsiri programu. Mgeni akisoma “kizigeu” haelewi. “Sehemu ya diski” anaelewa. Kitufe kilichoandikwa “Fomati” kinasikika kama kusafisha. Kiandikwe: “Futa kila kitu kilichomo kwenye diski hii: picha, nyaraka na Windows.” Ni kirefu, lakini hakuna atakayesema hakujua.

Mkimaliza, waiteni wanafunzi watano ambao hawajawahi kupiga window. Wapeni flashi, chomoeni diski zote za nje, kaeni kimya. Andikeni kila mahali mkono unaposimama, na maneno ya ukurasa huo ndiyo ya kubadilisha.

Swali: Shikamooni. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nataka Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) pembeni ya Windows 11, lakini kisakinishi kinasema hakuna diski, ilhali Windows inawaka vizuri.

Jibu: Marahaba. Diski ipo, ila mara nyingi inakuwa imefichwa na Intel RST, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, na kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) utaona namna ya kuendesha diski imeandikwa RAID badala ya AHCI. Usiibadilishe haraka, maana Windows itagoma kuwaka. Kwanza ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, nakili ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) wenye tarakimu 48 kwenye karatasi. Fungua msconfig, programu ya Windows ya kupanga namna inavyowaka, kwenye Boot weka alama Safe boot, kisha zima na uwashe ukiingia BIOS. Weka AHCI, hifadhi, acha Windows iwake kwa hali salama, rudi msconfig uondoe ile alama. Zima pia Fast Startup, kwani inaiacha diski ya Windows katika hali ya kulala na Linux haiwezi kuigusa salama. Nafasi ya Ubuntu, angalau GB 25, ipunguze ukiwa ndani ya Windows.

Ukurasa unaosema “hakuna diski” ungepaswa kusema “diski imefichwa na RST, fanya hivi”. Baadhi ya matoleo ya Ubuntu tayari yanafanya hivyo, na wengine waige.

Swali: Nimesakinisha salama, lakini nenosiri linakataliwa. Nina hakika nalo, lina alama ya @. Laptopu ni mtumba. Manyoni.

Jibu: Angalia kitufe cha 2. Kama juu yake kuna alama ya nukuu (") na @ iko karibu na Enter, kibodi ni ya Uingereza, na huenda kisakinishi kilikuwa bado kinatumia mpangilio wa Marekani. Wakati unasakinisha ulibonyeza @, mashine ikaandika ". Mfumo ukishaanza kutumia mpangilio wa Uingereza, kitufe kilekile kinaandika @ kweli, na nenosiri halilingani. Jaribu kuweka " mahali pa @. Ukiingia, hakikisha kwanza kibodi imewekwa ya Uingereza, kisha badilisha nenosiri. Anayetengeneza flashi aelekeze watu wajaribu @ kwenye kisanduku cha majaribio, chini ya orodha ya kibodi, kabla ya kuunda nenosiri.

Swali: Mbona Dodoma haimo kwenye orodha ya saa?

Jibu: Orodha hiyo hutumia mji mmoja kuwakilisha eneo zima la saa. Chagua Dar es Salaam. Saa ni ileile, UTC+3.