Darubini ndani ya ndege ya usiku: usijisumbue

Mdogo wangu wa Kisumu, umeuliza kama ukipanda ndege ya jioni kwenda Nairobi na darubini yako ndogo utaziona nyota vizuri kuliko ukiwa uani kwenu. Hapana. Kioo cha dirisha hupotosha taswira, ndege hutetemeka, na taa za ndani zitazuia macho yako yasizoee giza. Jirani wa kiti naye atakuuliza unapeleleza nini.

Lakini wazo lenyewe si la kipuuzi. NASA, shirika la anga la Marekani, na Wajerumani waliikatia ndege ya Boeing 747SP mlango mkubwa ubavuni, wakaipa jina SOFIA, ndani yake darubini yenye kioo cha mita 2.7. Ilipaa kama kilomita 12 hadi 13, mlango ukafunguliwa angani. Sababu ni mvuke wa maji: ndio unaozuia miale ya infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, isifike chini, na huko juu unaacha karibu wote nyuma yako. Mwaka 2020 walitangaza wameona dalili za maji kwenye kreta (shimo kubwa) ya Clavius, upande wa mwezi unaopigwa na jua. Ndege hiyo ilistaafu 2022. Gharama ilikuwa kubwa mno.

Wewe huhitaji infraredi. Shida yako ni unyevu wa ziwa na taa za mji. Hiyo nauli ya ndege panda matatu hadi Nakuru, ulale kwa jamaa karibu na Menengai, mwezi ukiwa mwandamo. Beba sweta. Usiende peke yako.